Makofi Hayamjengi Mtoto

Katika shule zetu za msingi iko desturi ambayo mtu yeyote aliyepata kupita nje ya dirisha la darasa la kwanza huijua kwa masikio kabla ya kuijua kwa macho: mtoto akijibu swali sawasawa, mwalimu huwageukia wenziwe akawaamuru wampigie makofi, matatu au ya kilo kwa kadiri ya furaha yake, na darasa zima, watoto themanini au zaidi, hupiga kwa mwendo mmoja uliokwisha kukaririwa tangu wiki ya kwanza. Aliyejibu huketi akitabasamu. Aliyekosea kabla yake huwa amekwisha kuketi zamani, pengine kwa kuambiwa tu akae chini, pengine kwa kusindikizwa na kicheko. Desturi hii ni njema kwa nia yake, wala sisemi ipigwe marufuku kesho asubuhi, kwa kuwa furaha darasani si haramu. Lakini nachelea kuwa imetufanya wengi wetu, walimu na wazazi pamoja, tuamini kwamba kumlea mtoto mdogo hata akaithamini nafsi yake ni kazi ya sifa na vifijo, na kwamba tukiisha kumsifu tumekwisha kumpa haki yake yote.

Rai yangu ni nyingine. Mtoto wa miaka mitano, sita au saba hajithamini kwa sababu amesifiwa. Hujithamini kwa sababu nje ya nyumba yao, katika mahali pageni penye kengele na amri, amempata mtu mzima anayemjua yeye ni nani na anayemwaminia kazi iliyo kazi kweli. Sifa zaweza kufuata baadaye, na zikifuata kwa haki huwa na ladha. Lakini zikitumwa peke yake kwenda kuifanya kazi hiyo, hurudi mikono mitupu.

Mwaka 1998 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walitangaza matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa watoto wa shule wa umri wa miaka tisa hadi kumi na miwili. Watoto walipewa mafumbo ya michoro wayafumbue, kisha baadhi yao wakasifiwa kuwa wana akili, na wengine wakasifiwa kuwa wamefanya bidii; tofauti ya sifa hizo haikuzidi sentensi moja. Walipopewa hiari ya kuchagua kazi ya pili, wengi katika wale waliosifiwa akili walichagua kazi ambayo ingewaonyesha kuwa hodari bila ya kuwatia mashakani. Walipokutana na mafumbo magumu yaliyowashinda walivunjika moyo upesi kuliko wenzao, wakafanya vibaya hata katika mafumbo mengine yaliyokuwa mepesi kama yale ya mwanzo. Na walipotakiwa wawaandikie watoto wa shule nyingine kuwaeleza alama walizopata, walioziongeza walikuwa wengi zaidi upande wao. Sidhani kuwa mwalimu wa darasa la pili wa Lindi au Pangani anahitaji kuyasikia hayo kutoka ng'ambo ili ayasadiki. Yeye huwaona kila siku watoto walioitwa hodari mapema mno: ndio wanaofuta kwa kifutio mpaka karatasi ikatoboka, wanaoficha daftari kwa kiwiko, na wanaolia kwa kosa moja katika hesabu kumi, kwa kuwa hadhi waliyopewa kwa makofi wanaiogopea isije ikanyang'anywa siku makofi yatakapokosekana.

Basi tuanze pale anapoanzia mtoto mwenyewe, yaani penye jina lake. Watoto wetu wengi, wa pwani na wa bara, huja shuleni wakiwa na majina mawili. Liko lile la cheti cha kuzaliwa, refu, lenye jina la baba na la babu nyuma yake, ambalo huenda mtoto hakupata kulisikia likitamkwa ila siku ya kuandikishwa. Na liko la nyumbani, ambalo kwalo ameitwa kula, ameitwa kuoga, na ameamshwa usiku alipokuwa akiota vibaya. Aliyepewa jina la baba mzaa baba huitwa Babu hata na mama yake mzazi, ambaye kwa staha ya mkwe halitamki jina lenyewe. Mwingine ni Kulwa, mwingine ni Mwana tu na hana zaidi. Asubuhi ya kwanza mwalimu hulifungua daftari la mahudhurio akasoma jina refu, mtoto asiitikie, alama ya hayupo ikatiwa. Na mtoto yupo, ameketi mstari wa tatu, anashangaa ni nani huyo anayetafutwa. Nimepata kumwona mmoja aliyehesabiwa mtoro kwa njia hiyo mpaka baba yake akaitwa kujieleza, naye akaja kwa hofu, akakuta kwamba mwanawe hakukosa hata siku moja.

Dawa ya jambo hili haiigharimu serikali hata senti. Mwalimu mmoja wa makamo, niliyemwona akiandikisha watoto wa darasa la awali chini ya mwembe, kila alipoisha kuandika jina la cheti alimwuliza mzazi, "Na nyumbani mnamwitaje?" akaliandika jibu pembeni kwa penseli. Kwa wale waliolizoea upesi jina lao la shule, alilifuta lile la penseli baada ya majuma machache. Kwa wengine aliliacha mpaka likizo ya Juni. Sikupata kumsikia akimsifu mtoto yeyote kwa sauti kubwa, na darasa lake lilikuwa ni miongoni mwa madarasa machache ambamo mtoto aliyechelewa aliingia mwenyewe, badala ya kusimama nyuma ya mlango mpaka mapumziko.

Kadhalika salamu. Sisi ni watu ambao hatuanzi neno la maana kabla ya kujuliana hali. Mtu hafiki dukani akataka chumvi bila ya kuuliza habari za nyumbani, na anayefanya hivyo huambiwa hana murua. Lakini kwa mtoto mdogo tumeyafupisha yote hayo kuwa sauti moja: mwalimu huingia, darasa huinuka, "Shikamoo mwalimu" ya watu themanini hupaa mpaka darini, "Marahaba, kaeni" hujibiwa huku ubao ukifutwa, kisha huja amri ya kutoa madaftari. Salamu kama hiyo ni ya darasa. Hakuna hata mtoto mmoja aliyesalimiwa. Laiti mwalimu angesimama mlangoni kwa dakika tano kabla ya kipindi cha kwanza, akaipokea shikamoo ya kila mmoja kwa zamu yake, akamwambia huyu, "Marahaba, hujambo? Bibi yako amepata nafuu?" na yule, "Leo umekuja na viatu, vimetoka Mtwara?" angekuwa amewapa hao wawili, kabla ya chaki kugusa ubao, yakini kwamba wamo katika fikira za mtu mkubwa. Wapo watakaosema kuwa haya ni mambo madogo. Ni madogo kweli, na ndiyo maana hayana udhuru.

Liko jambo jingine ambalo halionekani kwa macho, nalo ni kungoja. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa ufundishaji wa sayansi huko Marekani, Mary Budd Rowe, alisikiliza kanda alizorekodi katika madarasa mengi, akaona kwamba mwalimu akiisha kuuliza swali humngoja mtoto kwa muda wa sekunde moja hivi tu, kisha hulirudia swali, au humpa mwingine, au hujijibu mwenyewe. Alipowazoeza walimu wangoje sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, watoto waliozoea kunyamaza walianza kusema, na maswali ya watoto wenyewe yaliongezeka. Sasa mtu afikiri juu ya mtoto wa Kimaasai wa Simanjiro, au wa Kisukuma wa kijiji cha ndani cha Maswa, ambaye Kiswahili cha shuleni kwake ni lugha ya pili: swali likimfikia hana budi alipeleke nyumbani kichwani mwake, alielewe, apate jawabu, kisha alirudishe jawabu lile katika maneno ya mwalimu. Kumpa sekunde moja ni kumwambia kwamba hatakiwi. Na asipojibu, mwalimu huandika moyoni kuwa ni mzito, ilhali amefanya kazi maradufu ya mwenziwe wa mjini aliyedakia upesi.

Badala ya kungoja, tumezoea kukimbilia sauti ya pamoja. Mwalimu hulianza neno, "Hii ni nyu...?" darasa likamalizia "...mbaaa!" kisha huuliza, "Tumeelewa?" na jawabu la "Ndiyooo mwalimu!" halijapata kukosekana tangu shule zianze. Kwa mtoto asiyejua, sauti hiyo ni kivuli kizuri. Hujikinga chini yake mwaka mzima asijulikane, akafika darasa la tatu akiwa bado hajasoma neno hata moja peke yake, na hapo ndipo tunaposhangaa. Sisemi kuwa kuimba pamoja hakuna faida, maana nyimbo za hesabu na za herufi zimewafunza wengi. Nasema kwamba mtoto ambaye hakupata kuisikia sauti yake mwenyewe ikisikilizwa na wengine hana namna ya kujua kwamba ana sauti.

Nimesema pia kumwaminia mtoto kazi iliyo kweli, na hapa napenda kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo shule na nyumba zetu zilipoachana njia bila ya kuagana. Mtoto wa miaka sita katika vijiji vyetu, na katika mitaa ya uswahilini mijini, hutumwa dukani akanunue sukari ya robo na kibiriti, akahesabu chenji njiani kwa vidole, akaifikisha sawasawa. Humbeba mdogo wake, hufukuza kuku kwenye mpunga ulioanikwa, huchota maji kwa dumu la kimo chake. Nyumbani ana manufaa, naye anajua kuwa ana manufaa. Mtoto huyo huyo akivuka lango la shule huambiwa kwamba hajui hesabu, kwa sababu hajui kuiandika tano iliyogeuka upande wake. Na kwa kuwa hakuna aliyemwuliza juu ya ile chenji, naye huanza kusadiki kuwa hajui. Mwalimu mwenye insafu humwanzia pale alipo. Huweka duka kwenye pembe ya darasa kwa maboksi matupu, vizibo vya soda vikawa fedha, akamfanya mtoto huyu mwuzaji kwa sababu ndiye anayeyajua mauzo. Na huyo aliyekuwa akiogopa kunyosha mkono utamsikia akiwakatalia wenziwe mkopo.

Wala mambo haya si ndoto ya vitabuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa pwani ya Kenya walimwendea Aga Khan, imamu wa Waismailia, kumwomba msaada ili watoto wao wapate kuendelea katika masomo. Kazi hiyo ilikabidhiwa kwa Bi Swafiya Said, mwalimu wa Mombasa, naye aliona kuwa njia bora si kuwatoa watoto madrasa bali ni kuifuata madrasa pale ilipo, maana ndipo wazazi walipokwisha kuweka imani yao. Mwaka 1986 shule za awali za mpango huo zikaanza Mombasa, mwaka 1990 zikafika Zanzibar, na mwaka 1993 Uganda. Walimu walikuwa ni wanawake wa mitaa yenyewe, wengi wao vijana, waliofunzwa huku wakifanya kazi, kwa kutembelewa na wakufunzi darasani kwao. Vifaa vilikuwa vifuu, mbegu, vitambaa, makuti na vizibo. Nyimbo na hadithi zilikuwa ni zile ambazo bibi zao wangezitambua, na mafunzo ya dini yalikaa mahali pake bila ya kuyafukuza mengine. Jambo lililokuwa geni ni kwamba mtoto aliulizwa kila siku angependa kufanya nini, akaachwa akafanye, kisha akaulizwa mbele ya wenziwe amefanya nini. Yaani alipanga, alitenda, na alitoa habari zake. Miaka mingi baadaye watafiti, akiwamo Peter Mwaura, waliwapima watoto hao wa nchi tatu pamoja na wenzao wa shule nyingine za awali na wale waliobaki nyumbani. Waliopitia shule za awali waliwashinda waliobaki nyumbani, na wa madrasa hizo wakaongoza, na matokeo hayo yakatangazwa mwaka 2008. Mimi sishangazwi sana na alama zao. Linalonishughulisha ni lile swali la kila asubuhi, maana mtoto anayeulizwa atakalo na mtu mzima, kisha akaulizwa alilolifanya, hujiona kuwa ni mtu mwenye habari inayostahili kusikilizwa, na heshima ya namna hiyo haihitaji kupigiwa makofi.

Najua hoja itakayoletwa hapa, maana imeletwa tangu zamani, na huja imevaa kanzu ya hekima: mcha mwana kulia, hulia yeye. Mtoto akizoeshwa kuulizwa ulizwa atapanda kichwani. Samaki hukunjwa angali mbichi. Sisi wenyewe tulichapwa na tumekuwa watu. Siyabezi maneno ya wazee, ila nadhani yamebebeshwa mzigo usio wake. Aliyesema mcha mwana kulia alikuwa akimwonya mzazi anayeacha kumkataza mtoto kwa kuogopa machozi yake. Hakusema kuwa machozi ndiyo mafunzo. Mwalimu anaweza kukataza kwa uthabiti, akarudia kukataza, asitetereke, na mtoto asidhilike hata kidogo. Tofauti hii wazee wetu waliifahamu vizuri kuliko tunavyowasingizia. Mwana Kupona binti Msham, alipomtungia binti yake utenzi wa nasaha mwaka 1858, naye ni mgonjwa, hakuanza kwa amri wala kwa vitisho. Alianza kwa kumwita mtoto aje karibu naye, aketi, alete wino na karatasi, na ndipo mawaidha yakafuata. Na mawaidha yenyewe si laini: ni mazito, tena mengine watu wa leo wangeyapinga. Ila yalimfikia mtu aliyekwisha kusogezwa.

Shuleni sisi huanza kwa kumsogeza mtoto mbali. Kanuni za adhabu ya viboko za Tanzania Bara, zilizowekwa mwaka 1979 na kurekebishwa baadaye, huruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa makosa makubwa ya nidhamu, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na viandikwe katika kitabu. Kenya iliviondoa kabisa mashuleni mwaka 2001. Mtu apite katika madarasa ya watoto wadogo akaulize ni kosa gani kubwa la nidhamu lililomo katika kuisahau herufi, na ni kitabu gani kilichoandikwa fimbo ile ya viganjani iliyopigwa saa mbili asubuhi na mtu asiye na idhini ya maandishi. Hata hivyo, kwa maoni yangu, fimbo si adui mkubwa kuliko ulimi. Alama ya fimbo hupotea kabla ya Ijumaa. Lakini mtoto aliyeitwa kilaza mbele ya wenziwe, au ambaye madaftari yake yameinuliwa juu darasa likacheka, au aliyeketishwa nyuma pamoja na wale "wasiojua" mpaka mwisho wa mwaka, hurudi nyumbani na jina jipya ambalo wenziwe hawatalisahau njiani. Baraza la Mitihani la Tanzania limekwisha kuacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa bora kitaifa, na wengi tukasifu uamuzi huo. Lakini katika shule za msingi bado watoto wa miaka saba husimamishwa mstarini siku ya kufunga shule wakasomewa nafasi zao mpaka wa mwisho, na huyo wa mwisho hutambulishwa kwa wazazi wote kuwa ndiye aliyeshika mkia. Sijui ni faida gani inayopatikana hapo isipokuwa kuburudika kwa wakubwa.

Nami sina budi kuwa mkweli juu ya hali ya walimu wenyewe, kwa sababu ni rahisi mno kwa mtu aliyeketi na kalamu kumwagiza mwenziwe aliyesimama na chaki. Tangu mpango wa elimu bila malipo ulipoanza, Januari 2016, watoto ambao zamani wangebaki majumbani wamefurika madarasani, na hiyo ni neema isiyofaa kulalamikiwa. Lakini kipimo cha serikali yenyewe ni mwalimu mmoja kwa watoto ishirini na watano wa darasa la awali, na kila mtu anajua kuwa ziko shule ambamo ishirini na watano hao ni safu mbili za mbele tu. Mwalimu wa watoto mia na ishirini hawezi kuzungumza na kila mtoto kila siku. Anaweza, hata hivyo, kuzungumza kwa dhati na sita leo na sita wengine kesho, akiwatia alama pembeni mwa daftari la mahudhurio ili asiwarudie wale wale wanaojipendekeza, na kabla ya mwezi kwisha wote wakawa wamepita; anaweza kuwagawa katika makundi na kila kundi likapewa kazi ya kutunza kitu, hili maji ya kunawia, lile vifutio, jingine kuhesabu waliohudhuria; anaweza kusahihisha madaftari machache mtoto mwenyewe akiwa amesimama kando yake, badala ya kuyarundika mezani na kuyagawa yakiwa na misalaba myekundu isiyoelezwa. Haya hayaondoi wajibu wa serikali wa kuajiri walimu na kujenga madarasa, wala mtu asiyatumie kama kisingizio cha kuuahirisha. Mtoto aliye darasani mwaka huu hatangoja bajeti ya mwaka ujao.

Zaidi ya wingi wa watoto kuna unyonge wa cheo. Mwalimu wa darasa la awali miongoni mwa wenziwe husemwa kuwa anachezesha watoto. Katika mkutano wa shule huulizwa mwisho, kama huulizwa. Chumba chake ndicho kinachochukuliwa kunapokuwa na upungufu, akahamia chini ya mti. Na pengine si mwalimu aliyesomea kazi hiyo bali ni kijana wa kijijini aliyemaliza kidato cha nne, analipwa kwa michango ya wazazi inayokuja na isiyokuja. Mtu anayedharauliwa hivyo tunamtarajia awape wengine heshima ambayo yeye mwenyewe hakupewa. Wapo wanaoweza, nami nimewaona, na kwangu hao ni watu wa ajabu. Lakini taifa haliwezi kujengwa kwa kutegemea watu wa ajabu. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaja mambo matatu ambayo elimu yetu haina budi kuyakuza ndani ya kila raia: akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine bila ya kuwaiga ovyo, na kujiamini kwa mtu aliye huru na sawa na wenziwe, anayewathamini wengine na kuthaminiwa nao kwa kile akitendacho. Ni zaidi ya nusu karne sasa, na waraka ule umesomwa katika kila chuo cha ualimu; la kwanza na la pili tumeyatungia mitihani, na la tatu, kwa kuwa halina mtihani, tumeliachia bahati.

Wathibiti ubora wa shule wanapokuja hukagua andalio la somo, shajara, azimio la kazi na hali ya vyoo, na yote hayo yana haki ya kukaguliwa. Ningependa waongeze saa moja ya kuketi kimya nyuma ya darasa la kwanza, wasiandike lolote ila ni watoto wangapi walioitwa kwa majina yao, ni wangapi waliosema peke yao sentensi nzima, na ni wangapi waliokosea kisha wakapewa nafasi ya kujaribu tena. Ripoti ya namna hiyo ingekuwa fupi, na ingetufundisha mengi kuliko majalada.

Lakini liko moja lisilohitaji hata mkaguzi. Kila Januari, walimu wanapogawana madarasa, aliye hodari kuliko wote hupewa darasa la saba kwa ajili ya mtihani wa taifa, anayemfuata hupewa la nne kwa ajili ya upimaji, na darasa la kwanza humwangukia mgeni aliyeripoti juzi, au mgonjwa, au anayekaribia kustaafu, au yule ambaye mkuu wa shule hapatani naye. Mpango huo haukuandikwa katika sheria yoyote, na mkuu wa shule aweza kuupindua kwa kalamu yake mwenyewe bila ya kungoja waraka kutoka wilayani: amtoe yule hodari wa darasa la saba, amkabidhi la kwanza, tena amwambie mbele ya wenziwe kuwa amempandisha. Kamati ya shule ikimwuliza kwa nini amefanya jambo la kuhatarisha ufaulu, asibishane nayo kwa maneno. Awachukue wajumbe mpaka darasa la nne, aulize watoto swali jepesi, na awaombe wajumbe wahesabu wenyewe mikono isiyonyoshwa.